Gemu Kongwe Iliamini Nini? Hotuba kwa Mafundi Kuhusu Gemu za DOS Zinazokatika Kwenye Kompyuta Mpya

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu mlioketi safu ya mbele, mafundi wenzangu, na ninyi vijana ambao wengi wenu mmezaliwa baada ya skrini nyeusi yenye herufi C na kistari kinachopepesa kutoweka madukani, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie kwa nini gemu za enzi ya DOS, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotangulia Windows, huganda au hukatika ghafla zinapowashwa kwenye kompyuta za siku hizi, na fundi afanye nini anapoletewa tatizo hilo. Nimelipokea ombi hili kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa naamini fundi anayejua kuitibu gemu ya mwaka 1990 ameijua kompyuta yenyewe, na si vitufe vyake tu. Jambo langu ni moja. Programu iliyokatika, mara nyingi sana, si mbovu. Iliandikwa kwa kuamini kitu fulani kuhusu mashine, na mashine ikabadilika bila kuiarifu. Kazi ya fundi ni kutafuta kile ilichokiamini.

Niwaeleze jinsi nilivyojifunza hilo. Mwaka 1999 nilikuwa fundi mwanafunzi katika chuo kimoja kidogo cha kompyuta. Tulikuwa na gemu ya kufundishia kuchapa: herufi zinadondoka kutoka juu ya skrini, nawe unatakiwa uzipige kwenye kibodi kabla hazijagusa chini. Iliandikwa kwa Turbo Pascal, chombo cha kuandikia programu za DOS, na mwalimu aliyekuwa ameshahama, ambaye hakutuachia msimbo wake asili. Tulichokuwa nacho ni faili moja ya EXE, yaani programu iliyo tayari kuendeshwa, na kwa miaka kadhaa faili hiyo ilikuwa imefanya kazi bila kinyongo kwenye mashine za zamani zenye prosesa ya 386. Kisha chuo kikanunua Pentium II ya megahezi 350. Tukanakili gemu, tukaandika jina lake, tukabonyeza Enter, na kabla hata herufi moja haijadondoka, skrini ikaandika Runtime error 200, ikaturudisha kwenye C.

Tulihangaika siku mbili. Tulisema ni virusi, tukasafisha diski yote na kuanza upya. Tulisema ni flopi, tukanakili kutoka flopi nyingine tatu. Tukachomoa kipande kimoja cha kumbukumbu, tukakirudisha, tukachomoa kingine. Tukabadilisha kebo. Muda wote huo ile 386 iliyokuwa meza ya pili iliendelea kudondosha herufi kama kawaida, ikiwa na faili ileile, baiti kwa baiti. Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu, lakini tulikuwa tunapiga ramli badala ya kusoma ujumbe.

Sasa tuusome ujumbe huo pamoja, taratibu, kwa sababu ndani yake mna somo zima.

Turbo Pascal toleo la 7, la mwaka 1992, ilikuwa na sehemu iitwayo Crt, iliyomsaidia mwandishi wa programu kupaka rangi maandishi, kusoma kibodi na kuisubirisha programu kwa muda fulani. Kusubiri huko hakukutegemea saa moja kwa moja. Programu ilizunguka mahali pamoja, ikihesabu, mpaka hesabu itimie. Ili ijue izunguke mara ngapi kwa milisekunde moja, ilijipima yenyewe kila ilipowashwa. Saa ya ndani ya kompyuta za aina ya IBM ilikuwa ikigonga takriban mara 18.2 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 55 hivi. Basi Crt ilisubiri pigo la saa, ikaanza kuzunguka na kuhesabu mpaka pigo lililofuata, kisha ikaigawanya hesabu hiyo kwa 55 ili ipate mizunguko ya milisekunde moja.

Hapo ndipo mahali pa ugonjwa. Jibu la kugawanya liliwekwa kwenye rejesta, yaani kisanduku cha namba ndani ya prosesa, ya biti 16, ambayo haiwezi kushika namba kubwa kuliko 65,535. Kwenye 386 ya megahezi 33 jibu lilikuwa dogo na likakaa kwa raha. Lakini prosesa inapofika mahali pa kuzunguka zaidi ya mara milioni 3.6 kati ya pigo moja na jingine, jibu linazidi 65,535, na ni sawa na mtu anayetaka kumimina pishi ndani ya kibaba. Prosesa za kizazi cha Pentium II, kuanzia megahezi 200 na kitu hivi, zilifika hapo.

Sikilizeni sasa linalofuata, kwa kuwa ndilo linalowapotosha wengi. Prosesa za Intel hazina kilio maalumu cha jibu lisilotosha kwenye rejesta. Zinatumia katizo, yaani ishara inayoisimamisha programu ili jambo jingine lishughulikiwe, lilelile namba 0, linalotumika pale mtu anapogawanya kwa sifuri. Turbo Pascal ililipokea katizo hilo na kuliandika kwa namba 200, ambayo katika orodha yake ya makosa ina maana ya kugawanya kwa sifuri. Fundi akifungua kitabu na kusoma hivyo, ataitafuta sifuri maisha yake yote asiione, maana kigawanyo ni 55 na kimekuwa 55 siku zote. Ujumbe ulisema kweli kuhusu mahali pa kosa, yaani kwenye kugawanya, lakini haukusema kweli kuhusu sababu.

Na kwa kuwa upimaji huo hufanyika wakati Crt inajiandaa, programu hukatika kabla ya mstari wa kwanza wa mwandishi wake kutekelezwa. Inakatika hata kama mwandishi hakuomba kusubiri popote, alimradi tu aliijumuisha Crt kwa ajili ya rangi. Ndiyo maana kunakili upya, kusafisha diski na kubadilisha kebo havikuweza kutusaidia, na visingetusaidia hata tungefanya kwa mwaka mzima.

Dawa tuliyoipata wakati ule ilikuwa programu ndogo ya kurekebisha faili ya EXE: inatafuta zile baiti zinazojulikana za upimaji na kuzibadilisha ili jibu lisifurike. Tulipoiendesha mara ya kwanza ilisema haikuziona. Ikabidi tugundue kwamba mwalimu wetu alikuwa ameibana faili yake kwa PKLITE ili itoshe kwenye flopi pamoja na nyingine, na kwa hiyo baiti tulizozitafuta zilikuwa zimefungwa ndani. Tuliifungua kwanza, tukairekebisha, na herufi zikaanza kudondoka kwenye Pentium. Likumbukeni hilo: faili iliyobanwa kwa PKLITE au LZEXE hufunguliwa kabla ya kutibiwa, na daima mnaitibu nakala, si ile ya asili.

Siku hizi wengi wetu hatutibu tena faili. Tunaiwekea gemu mashine ya kuigwa, na programu inayofahamika zaidi kwa kazi hiyo ni DOSBox, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, pamoja na ndugu zake waliozaliwa kutokana nayo, DOSBox-X na DOSBox Staging. Niseme kwanza kwa nini tunaihitaji, kwa sababu bado naona vijana wakipoteza saa nzima kwenye menyu za Windows, wakijaribu kuiambia ijifanye Windows 95. Prosesa ya 386, iliyotoka mwaka 1985, ilikuwa na uwezo wa kujifanya 8086 ndani yake, na Windows za biti 32 ziliutumia uwezo huo kuendesha programu za DOS. Prosesa inapofanya kazi kwa biti 64, uwezo huo haupo. Windows 11 inatolewa kwa biti 64 peke yake. Kwa hiyo mteja akikuletea laptopu mpya inayosema kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa hapa, hakuna kilichokatika. Gemu haijapewa hata nafasi ya kuanza. Usibadilishe mpangilio wowote wa Windows. Weka DOSBox.

Ndani ya DOSBox, mpangilio wa kuujua kabla ya yote ni ule unaoitwa cycles, ambao ni idadi ya maagizo ya prosesa yanayoigwa kwa kila milisekunde. Usipougusa, DOSBox huzipa gemu za mtindo wa zamani maagizo 3000, na gemu za baadaye zinazotumia hali ya ulinzi ya prosesa (protected mode), inayofungua kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti moja, huziachia kasi yote iliyopo. Ctrl na F11 hupunguza, Ctrl na F12 huongeza. Kwenye laptopu nyingi vitufe hivyo vina kazi nyingine, hivyo itabidi ushike na kile cha Fn. Lakini angalieni: mtu akiandika cycles=max kwenye laptopu yenye nguvu, akidhani anaisaidia gemu, anaweza kuuleta upya ugonjwa wa namba 200 ndani ya mashine iliyotengenezwa kuuponya. Na kwa kuwa gemu hukatika kabla hujagusa kitufe, kasi lazima ipunguzwe kwenye faili ya mpangilio au kwa amri kabla ya kuianzisha.

Kasi haiuwi gemu kwa njia hiyo moja tu. Wing Commander ya mwaka 1990 haikatiki kwenye mashine ya kasi, inakimbia. Adui anaonekana, anapiga na kupotea kabla mkono wako haujafika kwenye kitufe. Ilitengenezwa kwa mashine za wakati ule, ikaziachia mashine hizo kazi ya kuiwekea mwendo. Ilinganisheni na Doom, iliyotolewa Desemba 1993: yenyewe iliuliza saa, ikasogeza ulimwengu wake mara 35 kwa sekunde, iwe kwenye 486 au kwenye mashine iliyozaliwa miaka ishirini baadaye. Mimi humheshimu sana mwandishi wa programu aliyeuliza saa badala ya kuhesabu hatua zake mwenyewe, na ninyi mnaoandika programu leo mna nafasi ya kuwafanyia wema mafundi wa mwaka 2050.

Nihamie kwenye kumbukumbu. Vijana hushangaa wanapoona gemu inalalamika kwamba kumbukumbu haitoshi kwenye mashine yenye gigabaiti nane. Prosesa ya 8088, iliyokuwa ndani ya kompyuta ya kwanza ya IBM ya mwaka 1981, iliweza kufikia megabaiti moja tu, na katika hiyo kilobaiti 640 ndizo zilizoachiwa programu, zilizobaki zikawa za kadi ya picha, BIOS na vifaa vingine. DOS iliubeba mpaka huo mpaka mwisho wake. Kumbukumbu iliyo juu ya hapo ilifikiwa kwa wasaidizi, kama HIMEM.SYS na EMM386, na kila gemu ilikuwa na msaidizi iliyemtaka na iliyemkataa. Ultima VII ya mwaka 1992, kwa mfano, ilikuja na msimamizi wake yenyewe wa kumbukumbu, na haikukubali kabisa kukaa pamoja na EMM386. Kwa hiyo gemu ikilalamika, swali la kwanza si kumbukumbu ni kiasi gani, bali ni ya aina gani.

Lakini kuna kosa la kinyume, na ndilo ningependa mkalitafakari mkifika nyumbani, kwa kuwa linaonekana haliwezekani: gemu inayokufa kwa sababu kumbukumbu ya chini ni tupu mno. Ujumbe wake ni Packed file is corrupt. Mwenye gemu akisoma hivyo huamini kwamba faili imeharibika, naye huenda kuitafuta nakala nyingine, ambayo nayo husema vilevile. Faili ni nzima. Ilibanwa kwa programu ya Microsoft iitwayo EXEPACK, na kipande kinachoifungua kilikuwa na kasoro katika kupiga hesabu ya anwani. Programu ikipakiwa chini kabisa, ndani ya kilobaiti 64 za kwanza, hesabu hiyo inarudi nyuma kupita sifuri. Kwenye 8086 anwani iliyovuka megabaiti moja ilizunguka na kurudi mwanzoni, kwa hiyo kosa lilijisahihisha lenyewe bila mtu kujua. Kwenye prosesa za baadaye, ambazo zina nyaya nyingi zaidi za anwani, haizunguki tena. Inaendelea juu na kusoma takataka. Na zamani hakuna aliyeiona kasoro hiyo, kwa kuwa DOS yenyewe ilikuwa imekaa kwenye kilobaiti hizo za chini. Ilipojifunza kuhamia juu, katika toleo la 5, ikaziacha wazi na kasoro ikajitokeza. Dawa ni amri ya loadfix, ambayo Microsoft iliitoa pamoja na toleo hilohilo la 5, na DOSBox inayo pia. Inachofanya ni kuzishika zile kilobaiti 64 za chini ili gemu ipande juu kidogo. Unaandika loadfix, nafasi, kisha jina la gemu. Ni neno moja tu, na nimeona watu wakitupa diski nzima kwa kutolijua.

Gemu za miaka ya katikati ya tisini zina kilio cha aina nyingine. Nyingi ziliendeshwa na DOS/4GW, programu iliyozifungulia kumbukumbu ya juu, na zinapokatika humwaga skrini nzima ya namba, zikianza na kosa 2001 na kumalizia na hali ya kila rejesta. Usiogope ukurasa ule wa namba, wala usiufute. Piga picha. Iendeshe gemu mara tatu, ulinganishe mahali inapokatikia. Pakiwa palepale kila mara, shuku mahali maalumu kwenye gemu au faili yake, na ujaribu kubadilisha mpangilio wa DOSBox uitwao core kutoka dynamic kwenda normal, kwa kuwa njia ya haraka ya kuiga prosesa huenda haikubaliani na gemu hiyo. Pakihamahama, mimi huelekea kwenye sauti na saa, vitu ambavyo huikatiza programu wakati usiotabirika.

Kuhusu sauti, mambo ni mepesi kuliko yanavyosikika. Kadi ya Sound Blaster, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ilijulikana kwa gemu kwa namba tatu: anwani, katizo na njia ya DMA, yaani njia ya kusafirisha sauti kutoka kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa. DOSBox kwa kawaida huweka anwani 220, katizo 7 na DMA 1. Mashine nyingi za zamani zilitumia katizo 5, na gemu iliyonakiliwa kutoka kwa rafiki inakuja na mpangilio wa rafiki. Gemu hiyo hutuma sauti, kisha inasubiri katizo namba 5, ambalo halitakuja kamwe, na skrini inaganda na picha ya kwanza ikiwa juu. Endesha programu ya mpangilio wa gemu, mara nyingi inaitwa SETUP au INSTALL, uchague kutokuwa na sauti. Ikicheza, umempata mkosaji. Rudisha sauti kwa namba sahihi.

Diski sitaikalia sana. Programu za kusakinisha za zamani huchanganyikiwa na diski kubwa, hesabu ya nafasi huzifurikia na kusema hakuna nafasi mahali penye gigabaiti mia. Katika amri ya mount, inayoifanya folda ionekane kama diski ndani ya DOSBox, mna chaguo la freesize linaloziambia namba ndogo. Gemu za CD zinataka kuiona CD kama CD, hivyo tumieni imgmount, amri inayoifungua nakala kamili ya CD iliyo katika faili, badala ya kunakili mafaili kwenye folda. Na flopi ya miaka thelathini ina haki ya kuwa imechoka kweli: linganisheni ukubwa wa kila faili na nakala nyingine kabla ya kulaumu kitu kingine chochote.

Nawasihi pia, na nasema hili nikiwa na uchungu wa zile siku mbili za mwaka 1999: badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, mkiandike kwenye daftari, na msipopata nafuu mkirudishe kilivyokuwa. Kila gemu ipewe folda yake na faili yake ya mpangilio. Tulipochomoa kumbukumbu na kubadilisha kebo siku ileile, tulijinyima njia ya kujua ni kipi kimefanya nini, na laiti gemu ingepona kwa bahati, tungewafundisha wenzetu kwamba Runtime error 200 hutibiwa kwa kebo.

Nimekuja na laptopu yangu, na ndani yake mna ile gemu ya herufi, nakala ya asili isiyorekebishwa, niliyoiokoa kutoka kwenye flopi ya mwisho iliyosalia chuoni. Nitaiwasha mara mbili mbele yenu. Mara ya kwanza nitaiachia DOSBox kasi yote ambayo laptopu hii inaweza kutoa, ili muone ujumbe ule kwa macho yenu. Mara ya pili nitaandika cycles=3000. Naomba kijana mmoja mwenye vidole vyepesi aje akae kwenye kibodi hii sasa hivi, kwa sababu ile mara ya pili herufi zitaanza kudondoka mara moja.